Chakula, Mapenzi na Anasa katika Ushairi wa Pate: Suala la Kazi na Watendaji Wake

1.0 Utangulizi

Ushairi wa kale wa Kiswahili uliotungwa katika visiwa vya Lamu umechunguzwa kwa muda mrefu, na aghalabu umechunguzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huuchukulia kuwa ni ushairi wa dini na maadili. Kwa mtazamo huo, maelezo ya majumba, vyakula, manukato na vitanda vya fahari ni mfano tu wa ubatili wa dunia. Njia ya pili huuchukulia kuwa ni ghala la historia. Wanaoifuata huyakusanya majina ya vyombo na mavazi ili kuthibitisha kuwa miji ya pwani ilikuwa na ustaarabu mkubwa kabla ya karne ya 19. Njia zote mbili zimeleta manufaa, lakini zote mbili hutazama vitu. Hazijatoa nafasi ya kutosha kwa kazi iliyovigeuza vitu hivyo kuwa raha, wala kwa watu walioifanya kazi hiyo.

Makala haya yanajadili namna chakula, mapenzi na anasa vinavyosawiriwa katika tungo tatu zinazohusiana na mji wa Pate na majirani zake: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona uliotungwa mwaka 1858, na Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913. Hoja kuu ni kwamba katika tungo hizi mambo hayo matatu huletwa na mikono ileile na huelezwa kwa vitenzi vilevile. Kinachobadilika kutoka utungo mmoja hadi mwingine ni mtendaji, pamoja na jina linalopewa tendo lake: mahali pamoja huitwa utumishi, na mahali pengine huitwa mapenzi.

Kwanza, makala yanaeleza kwa ufupi hali ya mji wenyewe. Pili, yanachunguza msamiati wa anasa katika Kiswahili. Tatu, yanazichambua tungo tatu zilizotajwa, na mwisho yanatoa hitimisho.

2.0 Mji wa Pate na Chimbuko la Anasa Zake

Kisiwa cha Pate kimo katika funguvisiwa la Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Mbali na mji wa Pate wenyewe, kisiwa hicho kina miji ya Siyu na Faza, pamoja na magofu ya Shanga. Uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa makazi ya hapo yalianza katika karne ya 8 na kuhamwa mapema katika karne ya 15. Miongoni mwa vilivyochimbuliwa ni vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi na Uchina. Kwa hiyo, mazoea ya kupakulia chakula katika chombo kilichovuka bahari ni ya kale sana katika kisiwa hicho.

Mji wa Pate, uliotawaliwa na ukoo wa Nabahani, ulifikia kilele cha ufanisi wake katika karne ya 17 na ya 18. Wafanyabiashara wake walipeleka ng'ambo pembe za ndovu, boriti za mikoko, ambari na watumwa, nao waliingiza vitambaa, vyombo vya kaure, vioo na manukato. Mji huo pia ulikuwa na mafundi wake. Waandishi wa Kireno walizitaja nguo za hariri zilizofumwa Pate, ambazo zilitafutwa sana katika biashara ya pwani. Ufanisi huo ulipungua kutokana na vita vya ndani, ushindani wa Lamu na kupanuka kwa nguvu za Oman. Mnamo mwaka 1812 au 1813, jeshi la Pate na washirika wake wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Tangu hapo Pate haikuirudia hadhi yake.

Nyumba ya tajiri wa miji hii ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kutoka mlangoni, mtu alipita daka na tekani, akaingia kiwandani, kisha msana wa tini na msana wa yuu, na hatimaye akafika ndani, chumba cha siri zaidi ambacho ukuta wake ulipambwa kwa safu za zidaka. Kila hatua ilimwondoa mgeni katika njia ya watu wote na kumkaribisha katika faragha ya mke wa nyumba. Vyombo vya kaure vilipangwa zidakani ili vitazamwe, na ni katika chumba hicho bibi harusi alionyeshwa kwa wanawake wenzake. Jiko, kwa upande wake, aghalabu lilikuwa juu darini, mbali na macho, ili moshi usichafue vyumba. Watumwa wa nyumbani walikaa sehemu za chini, karibu na ghala. Kwa hiyo, ramani yenyewe ya nyumba ilitenganisha mahali pa kustareheshwa na mahali pa kuitengeneza starehe. Utengano huo unajitokeza pia katika lugha.

3.0 Msamiati wa Anasa: Nomino za Bahari na Vitenzi vya Nyumbani

Mtu akiyapanga maneno ya Kiswahili yanayohusu anasa katika makundi mawili, nomino upande mmoja na vitenzi upande mwingine, ataona tofauti ya wazi. Nomino nyingi zimetoka ng'ambo. Sini ni chombo cha Uchina, na jina lake limepitia Kiarabu. Bilauri, birika, sahani, hariri, marashi, uudi, ambari, zabadi na halua zimetoka katika Kiarabu au zimepitia humo. Pilau, biriani na achari zina asili ya Kiajemi na Kihindi. Meza ni ya Kireno. Orodha hii inafanana na hati ya shehena ya jahazi.

Vitenzi vinavyovipa vitu hivyo maana katika maisha ya nyumbani ni vya namna nyingine. Mchele hutwangwa na kupepetwa. Nazi hukunwa na kukamuliwa. Wali hupikwa na kupakuliwa. Mwili hukandwa na kusingwa; mtu aliyelala hupepewa na kutumbuizwa; nguo hufukizwa; nywele husukwa. Vitenzi hivi ni vya Kibantu. Uudi ulikuja na pepo za kaskazi, lakini kufukiza ni neno la wenyeji, linalotokana na kufuka kwa moshi.

Yapo mambo mawili yanayohitaji tahadhari. Kwanza, ni kawaida ya lugha nyingi kukopa nomino kwa urahisi kuliko vitenzi, na kwa hiyo tofauti hiyo peke yake haithibitishi jambo kubwa. Hata hivyo, Kiswahili hakikuogopa kukopa vitenzi. Kumiliki, kurithi, kuamuru, kusafiri na kustarehe vyote vimetoka katika Kiarabu. Vilevile vipo vitenzi vya ufundi vilivyokopwa, kama vile kudarizi na kunakishi, ambavyo matokeo yake hubaki yakionekana juu ya kitambaa au mlango. Pili, mgawanyo huu si kanuni isiyo na dosari: kununua, kuuza na kulipa ni vya Kibantu, ingawa ni vitenzi vya soko. Kinachoweza kusemwa bila kutia chumvi ni kwamba matendo ya mwenye mali, na ufundi unaoacha alama, mara nyingi yalipata majina mapya kutoka ng'ambo, ilhali kazi ya kila siku, ile inayokwisha pale inapofanyika, iliendelea kuitwa kwa majina yake ya zamani.

Jambo la tatu ni muhimu zaidi kwa mjadala huu. Baadhi ya vitenzi hivi vya nyumbani hutumika jikoni na kitandani bila kubadilika. Kukanda ni kukanda unga, na ni kukanda mwili wa mtu aliyechoka. Kupepea ni kupepea moto wa jiko, na ni kumpepea mume anayelala. Hufukizwa mtungi ili maji ya kunywa yapate harufu nzuri, na hufukizwa nguo na matandiko. Lugha yenyewe, basi, haikuweka mpaka kati ya kumlisha mtu na kumpenda. Mpaka uliwekwa na jamii, nao ulihusu nani afanye tendo na kwa cheo gani.

4.0 Mkate wa Liyongo: Chakula kama Alama ya Daraja

Kabla ya kuuchambua Utendi wa Fumo Liyongo, inafaa kuutazama ushahidi wa mgeni mmoja wa kale katika pwani ya kaskazini. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi ya Dameski, kisha akaandaliwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama na samaki. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Maelezo yake ni ya thamani kubwa kwa historia ya mapishi. Hata hivyo, yanaanza pale sinia inapotua mbele ya mgeni. Jiko halimo. Huu ndio mtazamo wa anayelishwa, na ndio unaotawala maandishi mengi kuhusu miji ya biashara.

Utendi wa Fumo Liyongo unaufungua mlango huo kidogo. Ni kweli kwamba uliandikwa mwaka 1913, karne nyingi baada ya zama zinazosimuliwa, na kwa hiyo hauwezi kutumika kama shahidi wa zama hizo. Unaweza kutumika, hata hivyo, kuonyesha jinsi watu wa Lamu na Pate walivyozoea kufikiri juu ya chakula. Katika kisa hicho, Liyongo amefungwa kwa amri ya mtawala wa Pate. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi hukinyang'anya kilicho kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake kwa maneno ya wimbo uliofumbwa: uandaliwe mkate wa wishwa, na ndani yake ifichwe tupa. Walinzi wanautwaa mkate mzuri na kuuacha ule wa wishwa, na hivyo mfungwa anakipata chombo cha kukatia minyororo yake.

Hila hiyo haiwezi kufaulu isipokuwa katika jamii ambamo chakula kimepangwa kwa madaraja yanayojulikana na kila mtu. Mkate wa unga safi una mtu wake, na mkate wa wishwa una mtu wake. Walinzi hawakuwa wapumbavu, waliifuata desturi. Liyongo aliokolewa kwa sababu mama yake aliielewa desturi hiyo na akaigeuza kuwa silaha. Tena, minyororo inakatwa wakati ngoma ya gungu inachezwa. Ngoma hiyo ilikuwa ya starehe na ya heshima, na mshindo wake ndio uliozuia sauti ya tupa isisikike. Chakula na starehe, vitu viwili vilivyodhaniwa kuwa ni pambo la maisha ya wakubwa, vinakuwa njia ya uhuru.

Katika mpango wote huo, Saada ndiye kiungo. Yeye ni mtumwa, na kazi yake ni kubeba chakula. Kwa kuwa hakuna anayemshuku mbebaji wa chakula, yeye peke yake anaweza kupita. Yafaa kutambua kwamba utendi unamtaja kwa jina. Jina hilo limehifadhiwa kwa sababu kazi yake iligeuka kuwa sehemu ya kisa. Laiti angepeleka mikate ya kawaida siku zote, huenda asingetajwa kabisa. Kuhusu chakula, utendi huo unaonyesha pia upande wa hatari: njama ya kumwua Liyongo inapangwa kwa kisingizio cha kikoa cha makoma, yaani ule utaratibu wa kula kwa zamu ambao ulikuwa alama ya usawa na uaminifu kati ya marafiki. Njama hiyo inashindwa, lakini inaonyesha kwamba meza ya pamoja, ikiwa ni dhamana ya urafiki, ndiyo pia inayofaa kwa usaliti.

5.0 Al-Inkishafi: Anasa na Wasio na Majina

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliishi Pate kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Utungo wake, wenye beti zipatazo sabini na kitu za mishororo minne, ulihaririwa na William Hichens mwaka 1939 na James de Vere Allen mwaka 1977, na pia umo katika mkusanyiko wa Tenzi Tatu za Kale uliohaririwa na M. M. Mulokozi mwaka 1999. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anauonya usihadaike na dunia, na ushahidi anaoutoa ni mji wake mwenyewe.

Ushahidi huo unaanza kwa orodha ya anasa iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Zinatajwa taa zilizoufanya usiku uwe kama mchana. Vyombo vya sini vilivyochaguliwa. Zango za msaji na abunusi. Vitanda vyenye magodoro na mito iliyotiwa nakishi. Marashi na manukato ya mwili. Kisha anaonyeshwa tajiri akienda kulala. Hapo vitu vinawaachia nafasi watu: wapo wa kumkanda, wapo wa kumpepea, na wapo wanawake waliopambwa wanaomtumbuiza bila kunyamaza. Usingizi wenyewe, jambo ambalo maskini hulipata bure, unakuwa bidhaa inayotengenezwa na watu kadhaa kwa pamoja. Anasa inafikia upeo wake si katika idadi ya vyombo, bali katika idadi ya mikono inayomzunguka mtu mmoja aliyelala.

Baada ya hapo mauti yanaingia. Mshairi anaeleza jinsi waliokula wanavyokuwa chakula: wadudu wanaila miili yao, mchwa na siafu wanaiharibu, na nyoka wanajizungushia juu yake. Majumba nayo yanapata wapangaji wapya. Zidaka zilizopangwa sini zinakuwa matundu ya ndege, popo wananing'inia, nyenje wanalia katika kumbi zilizokuwa na mazungumzo, magugu yanajaa uani. Mpangilio huu si wa kubahatisha. Kila kipengele cha orodha ya kwanza kina kinyume chake katika orodha ya pili: chombo na kiota, mazungumzo na mlio wa nyenje, mlo na mafunza. Kwa hiyo, utungo unafanana na daftari la mfanyabiashara, ambamo yaliyoingia upande mmoja hayana budi kutoka upande wa pili.

Katika daftari hilo, hata hivyo, wapo walioingizwa upande mmoja tu. Mshairi anapouliza wako wapi watu mashuhuri wa Pate, anawataja kwa majina, akiwamo Ali bin Nasiri. Waliowakanda na kuwapepea hawaulizwi. Wanatajwa kwa nomino za utendaji tu, yaani kwa kazi zao, na kazi inapokwisha wao pia hutoweka katika utungo. Si kwamba walikufa pamoja na mabwana zao. Mji uliposhuka, walirithiwa, waliuzwa, walihamishwa kwenye mashamba ya bara au walibaki wakiishi kando ya magofu. Katika karne ya 19 kilimo cha nafaka, simsim na minazi katika bara ya Lamu kilitegemea kazi ya watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo, kisa cha kuanguka kwa Pate, kikisimuliwa kwa mtazamo wa mkandaji, si lazima kiwe kisa cha kuanguka.

Hili halimaanishi kuwa mshairi anastahili kulaumiwa kwa kutoandika utungo ambao hakukusudia kuuandika. Lengo lake lilikuwa kuuonya moyo, na onyo linawahusu wenye cha kupoteza. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuweza kuisawiri anasa bila kuwaleta watendaji wake jukwaani. Ukweli wa sanaa yake ulimlazimisha awaonyeshe, hata kama maadili ya zama zake hayakumlazimisha awaulizie.

6.0 Utendi wa Mwana Kupona: Mapenzi na Huduma

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate na kuolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840. Aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens waliuhariri mwaka 1934. Wachambuzi wametofautiana kuhusu maana yake. Wapo waliouona kuwa ni mafunzo ya utiifu wa mke, na wapo, kama Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991, walioyapima upya masuala ya lugha na mamlaka ndani yake na kuukataa usomaji huo wa juujuu.

Ukisomwa sambamba na Al-Inkishafi, utendi huu unadhihirisha jambo ambalo halionekani kila mmoja ukisomwa peke yake. Binti anausiwa amkande mumewe, ampepee alalapo, asimwamshe kwa kelele, amwandalie chakula aamkapo, na amfukizie uudi asubuhi na jioni. Haya ni matendo yaleyale yaliyofanywa na wasio na majina katika majumba ya Pate. Vitenzi ni vilevile, na kitanda ni kilekile. Lakini mtendaji sasa ni mwanamke muungwana, binti wa mtawala, na tendo linaitwa jambo la kumpendeza mume, ambalo malipo yake yako kwa Mungu.

Ukaribu huo wa matendo unaweza kueleza onyo moja ambalo limewashughulisha wasomaji wengi. Mwana Kupona anamwambia binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Onyo hilo hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kiburi cha tabaka, na kiburi hicho kimo. Lakini swali la kujiuliza ni kwa nini palikuwa na haja ya kulisema. Endapo kazi za mke na za kijakazi zingetofautiana kabisa, mpaka ungejilinda wenyewe. Kwa kuwa kazi zilifanana, mpaka ulihitaji kulindwa kwa maneno, kwa mavazi na kwa mwendo. Vito, asmini, hina na wanja ambavyo binti anaagizwa avitumie si mapambo ya kumvutia mume tu. Ni alama zinazosema kwamba mikono hii inayokanda ni ya bibi wa nyumba.

Kwa upande mwingine, utendi huu unaipa kazi hiyo kitu ambacho Al-Inkishafi haikuipa, nacho ni maarifa. Mama anaeleza tendo lifanywe lini, kwa utaratibu gani na kwa sauti gani. Usafi wa nyumba unatajwa hadi chooni, mahali ambapo mshairi wa maombolezo asingepaingiza katika orodha ya fahari. Kwa ufupi, Mwana Kupona anaieleza anasa kutoka upande wa anayeitengeneza. Anajua kwamba raha ya mume si hali inayojileta, bali ni matokeo ya mipango ya kila saa. Tena, maarifa hayo yametiwa katika tungo na kukabidhiwa mtoto wa kike kama urithi, pamoja na jina la mtungaji. Kazi iliyokuwa ikikwisha pale inapofanyika imepewa hifadhi ambayo hariri na sini hazikuipata.

Hata hivyo, haifai kusahau kwamba hifadhi hiyo ina mipaka. Maarifa ya kukanda, kufukiza na kupika hayakuwa ya wanawake waungwana peke yao. Wengi wa walioyatenda kila siku walikuwa vijakazi. Mwana Kupona aliweza kuyaandika kwa sababu alikuwa na elimu, nasaba na wino. Kijakazi aliyemfundisha binti wa bwana wake namna ya kupeta mchele hakuacha utendi. Sauti yake, kama imebaki, imebaki katika vitenzi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa chakula, mapenzi na anasa katika ushairi wa Pate ni nyuzi za kitambaa kimoja, na kwamba uzi unaozifunga ni kazi ya mikono. Utendi wa Fumo Liyongo unaonyesha jinsi mkate unavyobeba daraja la anayeula, na jinsi mbebaji wake anavyoweza kuugeuza mkondo wa mambo. Al-Inkishafi inaonyesha anasa katika upeo wake na katika maangamizi yake, lakini inawaomboleza waliotumikiwa tu. Utendi wa Mwana Kupona unayachukua matendo yaleyale ya utumishi, unayaweka mikononi mwa mke na kuyaita mapenzi, huku ukilinda kwa bidii mpaka kati ya mke na kijakazi.

Mambo mawili yanafuata kwa ajili ya utafiti. La kwanza ni la kifasihi: tungo hizi zisomwe kwa pamoja, kwa kuwa kila moja inajibu swali ambalo nyingine imeliacha. La pili ni la kiisimu. Wanaoitumia lugha kama ushahidi wa historia ya pwani wamezoea kuhesabu nomino za mkopo, na kutokana nazo wamejenga picha ya mji unaotazama bahari. Wakivihesabu pia vitenzi vya jikoni na vya chumbani, watauona mji uleule ukitazama ndani, kwa watu walioubeba. Vyombo vya kaure vimevunjika, na vigae vyake vimetawanyika katika magofu ya Pate. Kupepeta, kukanda na kufukiza vingali vikisemwa kila siku na watu ambao hawakuwahi kuliona jumba la Nabahani. Kwa kipimo hicho, walioachwa bila majina katika maombolezo ya mji ndio waliouachia Kiswahili urithi wa kudumu zaidi.